Krumlov kwenda na kurudi siku moja au kulala?

Mkuu, kutoka Prague, mji mkuu wa Cheki, kwenda mji mdogo wa Český Krumlov asubuhi na kurudi jioni kama ulivyouliza inawezekana, basi linachukua kama masaa matatu, ila mi nakushauri ulale hata usiku mmoja, maana mchana watalii wanajaa mpaka vichochoro havipitiki, wakishaondoka ndo unauona mji wenyewe.

Kasri liko juu ya mwamba na chini mto Vltava umejikunja ukauzunguka mji wa zamani karibu wote. Lilianza karne ya 13, akina Rosenberg, ukoo wa makabaila, wakalikalia kuanzia 1302 mpaka 1602, wa mwisho madeni yakamzidi akamuuzia kaizari Rudolf II. Kwenye handaki la getini wanafugwa dubu, usishtuke. Na zile kuta za uani ukiwa mbali unaona kabisa mawe yamechongwa, sogea karibu, kumbe ni rangi tu!

Usikose ukumbi wa maigizo wa humo ndani, wa miaka ya 1760. Mitambo ya mbao na kamba chini ya jukwaa bado ipo, wanaume wakizungusha, mapazia ya msitu yanatoka na ya jumba la kifalme yanaingia kwa pamoja, kufumba na kufumbua mandhari imegeuka. Ila huingii bila mwongozaji na wakati wa baridi wanafunga, kwa hiyo wahi tiketi. Makumbusho mengine sijui ya mateso sijui nini achana nayo, hela yako bora upande mnara wa kasri.

Vaa raba, njia zote mawe.