Bunju wako si wa Nile, na chumvi anaihitaji

Ndugu wa Ntinda, umeuliza kama bunju wako, yule samaki wa tangini anayejivimbisha, ni "wa Nile" kama alivyokuambia muuzaji, na kama ni kweli hahitaji chumvi kwenye maji yake. Picha uliyompiga kutoka juu imeshajibu. Huyo si wa Nile.

Wa Nile yupo kweli, anaitwa fahaka, Tetraodon lineatus. Ubavuni ana milia mirefu ya njano, anaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, maisha yake yote, na anapita sentimita 40. Ungehitaji kuhamisha kochi sebuleni upate nafasi ya tangi lake. Wako ana mgongo wa kahawia iliyokolea, na juu yake michirizi ya njano iliyojipinda ikafunga vitanzi, kama mtoto kaandika nane kwa kidole. Tazama tena ubavuni karibu na pezi la mgongoni, na pale mkia unapoanzia: kuna doa jeusi lililozungushiwa pete ya njano, kama jicho. Huyo ni Dichotomyctere ocellatus wa Asia ya Kusini-Mashariki. Ukikuta mahali wamemwandika Tetraodon biocellatus, ni jina lake la zamani. Huishia kama sentimita 8.

Watu humchanganya na binamu yake, Dichotomyctere nigroviridis: mgongo wa kijani unaong'aa, madoa meusi ya duara yaliyoachana, tumbo jeupe pe. Huyo ndiye aliyenitoa jasho mimi. Nilimnunua hapa Kampala mwaka juzi. "Ssebo (bwana), huyu ni wa maji baridi kabisa," nikaambiwa, nikalipa. Mwezi wa kwanza alikula vizuri, nikipita ananifuata kioo kizima. Mwezi wa tatu lile tumbo jeupe likawa la kijivu, kisha likaelekea weusi, naye akajibanza kwenye kona, mkia kaukunja. Nikalaumu klorini ya bomba, nikalaumu filta, nikabadilisha maji mpaka mke wangu akauliza kama nimefungua dobi.

Kumbe alitaka chumvi. Nikajaribu ya jikoni. Ile ni sodiamu kloridi karibu tupu. Kalsiamu na magnesiamu za bahari hazimo. Mtu akanishauri chumvi ya Ziwa Katwe kwa kuwa "ni ya asili". Ni ya asili, sikatai, lakini ya ziwa la kreta, shimo la volkano: imejaa magadi na salfeti, haifanani na bahari hata kidogo. Usiitie kwenye tangi. Mwisho binamu yangu akaniletea kwa basi kutoka Nairobi chumvi halisi ya matangi ya bahari, na njiani akatakiwa aeleze huo unga mweupe ni wa nini. Wiki kadhaa baada ya kuanza kuitumia, tumbo lilikuwa limerudi jeupe.

Sasa wako. Nunua haidromita, kifaa cha kupima chumvi iliyomo majini, kabla ya chumvi. Maji ya bahari husoma karibu 1.025, huyu wako mwenye michirizi ya nane anataka 1.005 hadi 1.008 tu, usimpeleke bahari. Wangu wa madoa ndiye anayepandishwa kadiri anavyokua, na sasa nimemfikisha 1.018. Ndiyo maana nasema mtambue samaki kwanza: ukikosea jina, umekosea na kipimo.

Tangi lako umesema ni la lita 80. Toa lita 20, jerikeni moja. Kwenye ndoo weka lita 20 za maji yaliyokwisha kutolewa klorini, koroga humo gramu 220 hivi za chumvi hiyo ya matangi ya bahari, acha zilale usiku kucha, ndipo umimine taratibu. Usimwage chumvi kavu tangini. Hapo utakuwa umepanda kama 0.002, na hiyo inatosha kwa wiki nzima, maana hata bakteria wa filta wanaosafisha maji wanahitaji muda wa kuzoea. Wiki ya pili chumvi utakayokoroga itazidi kidogo ile ya kwanza, kwa kuwa jerikeni unayotoa inaondoka na chumvi yake, haidromita itakuelekeza. Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji matupu. Chumvi haipandi hewani.

Na meno. Bunju ana mabamba manne ya meno yasiyoacha kukua, hivyo mpe konokono wenye gamba avunje. Ila tafadhali usiingie mikono mitupu kuwaokota pembezoni mwa Ziwa Victoria, kichocho kiko palepale kwa konokono hao. Mimi nawafuga kwenye ndoo barazani, nawalisha majani ya sukuma, na wanazaana kuliko anavyoweza kuwamaliza.

Ukifika wiki ya tatu weka picha nyingine ya kutoka juu, pamoja na namba ya haidromita.