Rimu ya aloi kugoma kutoka kwenye habu
Kaka, nati zote umetoa na rimu bado imegoma? Hiyo imeshikwa na kutu. Alumini ya rimu ikigusana na chuma cha habu (kitovu ambacho rimu hufungwa) penye unyevu inakuwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ule unga mweupe kwenye tundu la katikati la rimu ndio gundi yenyewe. Kwa mvua zetu za Kigoma, Novemba hadi Aprili, habu haikauki.

Ikitoka (nyundo weka mbali, aloi inapasuka), sugua habu kwa brashi ya waya, rimu kwa msasa laini, kisha paka grisi ya joto kali kiduchu kwenye mdomo wa habu. Isiguse diski ya breki. Nati acha kavu, zikiwa na grisi utazikaza kupita kiasi.