Jua likipungua, Dunia itaponyoka?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesikia Jua linapoteza zaidi ya tani milioni 4 kila sekunde. Kama mvutano wake ndio unaotushikilia, kamba si inalegea? Tutaponyoka lini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umesikia sawa. Mwanga wenyewe huondoka na tungamo la Jua, yaani kiasi cha maada yake, na upepo wa Jua, zile chembe ndogo linazozirusha angani, huchukua tani nyingine zaidi ya milioni moja kwa sekunde hiyo hiyo. Kamba inalegea kweli. Ila hatuponyoki, tunasogea.

Fanya jaribio ninalowapa wanafunzi wangu. Chomoa mrija wa wino kwenye kalamu, ubaki na ganda tupu. Pitisha uzi ndani yake. Juu funga kifutio, chini funga pini iliyokunjwa kama ndoana, uitundike nati tano. Shika ganda, zungusha kifutio juu ya kichwa mpaka nati zitulie hewani. Sasa mwenzako aondoe nati moja, taratibu. Kifutio hakirukii dirishani. Kinapanua duara lake, na mwendo wake unapungua, utausikia mkononi.

Dunia nayo hivyo hivyo. Kwa kupungua huko kwa Jua, inasogea nje takriban sentimita 1.5 kwa mwaka, upana wa ukucha wa kidole gumba, katika umbali wa kilomita milioni 150. Na miaka bilioni 4.6 ya kung'aa haijalimalizia Jua hata sehemu moja ya elfu ya tungamo lake.

Hukuuliza hili, lakini ndilo ninalolipenda zaidi: tungamo linatokea upande gani? Jua humwaga pande zote, kwa hiyo halijisukumi. Nyota yenye mkia ni habari nyingine. Mwaka 1819 Mjerumani Johann Franz Encke alipiga hesabu za nyota mkia moja inayolizunguka Jua kwa miaka 3.3, akakuta kila mzunguko inawahi kwa saa kama mbili na nusu. Alidhani angani kuna kitu chepesi kinachoikwaza. Mwaka 1950 Mmarekani Fred Whipple akaeleza: ni bonge la barafu na vumbi linalojizungusha, Jua hulipasha joto, na mvuke hufoka zaidi upande wake wa alasiri, si ule unaolitazama Jua moja kwa moja. Msukumo unakwenda mshazari, na njia inabadilika.

Kwa hilo weka nati pembeni. Puliza puto, usilifunge mdomo, liachie.