Imeganda, Haijapoa: Kwa Vijana Mnaokwenda Kufanya Kazi Kwenye Mitambo ya Vioo vya Jua

Juzi mpwa wangu alinijia nyumbani Magongo na mkataba wa kazi mkononi. Anakwenda Ghuba, fundi msaidizi wa mabomba kwenye mtambo wa umeme wa jua. Aliniuliza mshahara, chakula, kama vyumba vina kiyoyozi. Kuhusu kazi yenyewe hakuuliza lolote, na simlaumu, maana hata mimi nilipoondoka Mombasa nilidhani naenda kufunga paneli kama zile za juu ya paa. Tulikaa barazani mpaka adhana ya Isha. Niliyomwambia nayaandika hapa, kwa sababu najua mko wengi mnaosubiri viza.

Kule hakuna paneli. Kuna vioo, maelfu kwa maelfu, vinavyolifuata jua tangu linachomoza mpaka linazama. Vingine vimepindwa kama pipa lililopasuliwa katikati, na miale yake inapiga mrija mrefu wenye mafuta yanayopashwa hadi nyuzi 390 hivi. Vingine vimetawanywa uwanjani, vyote vinaelekeza mwanga juu ya mnara mmoja, na ndani ya mabomba ya mnara huo inapita chumvi iliyoyeyushwa, inayoshuka ikiwa na nyuzi 565. Joto hilo huhifadhiwa kwenye matangi, kisha huchemsha maji, na mvuke ndio unaozalisha umeme hata usiku wa manane. Kwetu pwani mtambo kama huu ungepata taabu, kwa unyevu huu na mawingu haya; vioo vinataka miale iliyonyooka, ndiyo sababu kazi ziko jangwani.

Mimi nilijifunza ufundi kwenye boila, Changamwe. Boila ikikushinda unafunga mafuta, moto unakufa. Jua halina valvu. Pampu ya mnara ikizimika saa sita mchana, vioo bado vinatazama palepale, na mabomba ya juu, yasiyo na kitu cha kuyapooza, huanza kuungua kwa muda mfupi sana. Dawa ni moja: kuvigeuza vioo upande, haraka, na ndiyo maana mtambo una umeme wake wa dharura. Mwaka 2016 kule Ivanpah, California, baadhi ya vioo vilielekea mahali pasipostahili, na moto ukawaka juu kwenye mnara, ukaunguza mabomba na nyaya. Chuma kinaungua kwa mwanga mtupu. Basi ukiambiwa panda mnara, usiweke mguu kwenye ngazi mpaka chumba cha kuongozea mitambo kikuthibitishie kwa redio kwamba vioo vimeondolewa na kufungwa, na kufuli lako mwenyewe limo pale, ufunguo mfukoni mwako, ili asivirudishe mtu ungali juu. Asikwambie mtu "tumeshavitoa, panda tu." Na usiukodolee macho ule mng'ao wa juu. Wageni wote hufanya hivyo siku ya kwanza, kwa kuwa unapendeza kweli. Macho yanaumia, na miwani ya jua ya dukani haikukingi.

Lakini nililotaka mpwa wangu alishike kuliko yote ni chumvi.

Ni mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu, sehemu 60 kwa mia, na nitrati ya potasiamu, sehemu 40. Ikiwa ya moto inatiririka kama maji. Ikishuka kwenye nyuzi 220 hivi inaganda, inakuwa nyeupe, ngumu kama jiwe la matumbawe. Hapo ndipo inapodanganya watu. Macho yanaona jiwe jeupe, akili inasema limepoa. Halijapoa! Maji yanachemka kwa nyuzi 100; jiwe lile lina zaidi ya mara mbili ya hapo. Imeganda, haijapoa. Nilimfanya kijana alirudie mara tatu.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Bomba la kutolea chumvi lilikuwa limeziba, tukapewa kazi ya kufungua flanji, yaani maungio ya bomba yanayobanwa kwa nati. Valvu ilikuwa wazi, hakitoki kitu, hakuna sauti. Nikapiga magoti mbele yake, nikashika spana, nikaanza na nati iliyo karibu na kifua changu. Msimamizi wetu, mzee wa Kigujarati aliyekula chumvi nyingi kwenye kazi hizi, akanishika bega akanivuta kando. Akasema legeza kwanza zile za upande wa mbali nawe, robo mzunguko, halafu ngoja. Nikalegeza ya mbali. Tukangoja. Pakasikika mlio mwembamba, kama mafuta ya viazi karai yanapopata joto, kisha uzi wa kitu kinachong'aa ukachuruzika kutoka upande ule ule niliolegeza, ukaenda kinyume nasi. Nyaya za kupasha bomba zilikuwa zimeyeyusha chumvi nyuma ya kizibo, na kizibo kilikuwa kinaachia. Tone moja liliruka likaingia baina ya glavu na mkono wa ovaroli. Kovu lake ninalo, kubwa kama punje ya mbaazi. Kama ningeendelea na nati ya karibu, yote ingenijia kifuani na usoni.

Tangu siku ile sijakaa mbele ya flanji. Nakaa ubavuni, kinga ya uso imeshuka, mkono wa ovaroli juu ya glavu na umefungwa. Tena bomba lililoganda haliyeyushwi kuanzia katikati. Chumvi ikiyeyuka inatanuka, na ikiwa imebanwa pande zote mbili inalipasua bomba. Anza kwenye mwisho ulio wazi, uende taratibu. Usimkubalie anayekuharakisha.

Maji na chumvi ya moto vikae mbali. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inadai nafasi ya zaidi ya lita 1,600, na ikitokea ndani ya chumvi inairusha kama bomu. Kwa hiyo hakuna chupa ya maji mfukoni, hakuna spana iliyolowa, na chumvi ikivuja usiimwagilie. Vitambaa vyenye mafuta, maboksi na mbao viondolewe pia. Chumvi yenyewe haiwaki, ila huupa moto nguvu ya ajabu. Ukipigwa na tone mwilini, maji yanayotiririka kwa dakika 20, basi. Si dawa ya meno, si asali, hata kama bibi yako aliapa nayo.

Kwenye mitambo ya mirija, adui ni mafuta. Yako chini ya shinikizo, yakipata tundu hutoka kama ukungu unaowaka. Ukiona vifuniko vya bomba vimelowa au vinafuka, ondoka kisha ripoti, kwa mpangilio huo. Halafu kuna nitrojeni, gesi inayojazwa juu ya mafuta kwenye matangi. Haina harufu wala rangi, na inachukua nafasi ya hewa ya kupumua. Ukichungulia ndani bila kupima hewa unaweza kuanguka kwa pumzi mbili tu, na mara nyingi wa pili kufa ni yule aliyerukia kumwokoa rafiki yake. Najua ni uchungu kusimama nje ukimwona mwenzako chini. Simama nje, ita timu yenye mitungi ya hewa.

Jua la jangwani nalo si la Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, ambako upepo wa kusi unakupepea. Kule Imarati sheria inakataza kazi juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Ni haki yako, ijue kabla hujafika. Nje ya miezi hiyo pia, ukihisi baridi huku unatoka jasho, acha spana ukae kivulini, msimamizi anune apendavyo.

Mpwa wangu alipoinuka nilimpa shilingi elfu mbili, akanunue fulana na soksi pale Mwembe Tayari, pamba tupu, asichukue nailoni. Nailoni ikipata joto inayeyuka na kushikamana na ngozi. Zile jezi za kuchezea mpira alizozifungasha kwenye begi nimemwambia awaachie wadogo zake.