Jibu: Virusi vya kubebea jeni kuishia kwenye ini badala ya mishipa

Ndugu yangu wa Bagamoyo, salamu kutoka Tanga. Umeuliza kwa nini adenovirusi ya aina ya 5, kirusi kinachotumika kubebea jeni, ikidungwa kwenye mshipa wa panya huishia kwenye ini, wakati seli lengwa ni zile za utando wa ndani wa mishipa ya damu. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba gamba lake hushikwa na protini ya kugandisha damu namba 10, nayo huiunganisha na seli za ini. Kwa hiyo kuongeza dozi, jambo ambalo wengi hulikimbilia, huligharimu ini kwanza.

Mimi ningebadilisha gamba lenyewe. Katika AAV2, kirusi kingine cha kubebea jeni kilicho kidogo zaidi, kipande cha amino asidi saba huchomekwa karibu na nafasi ya 588 ya protini ya gamba, mahali ambapo kirusi hushika heparani (sukari iliyo juu ya seli), na kipande hicho ndicho huchagua seli. Aina ya AAV-BR1, iliyoelezwa mwaka 2016, ilipatikana hivyo, na katika panya huingia hasa kwenye utando wa mishipa ya ubongo.

Umeme ukikatika na virusi ulivyohifadhi kwenye friza vikayeyuka, usivigandishe tena kabla ya kuvipima upya, maana nguvu yake hupungua.