Nilivyowahamisha wakulima wa Nyakach kwa kitufe kimoja

"Mwanangu, mimi nimehamia mjini lini?" Hivyo ndivyo mama mmoja wa Sondu alivyonisalimia kwenye simu. Nikafungua mfumo wa ushirika wao na kuiona aibu yangu: wakulima wote wa Nyakach, kaunti ndogo ya huko Sondu, watu 84, wameandikwa Kisumu Central, kaunti ndogo ya mjini. Aliyewahamisha ni mimi, kwa kitufe cha F8.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha tu. Nilipewa shiti ya Excel yenye wanachama 640 niwaingize mmoja mmoja kwenye fomu ya mtandaoni: jina, kitambulisho, simu, kaunti ndogo, ekari. Kwa mkono, kila mmoja alinila dakika mbili na nusu. Piga hesabu, ni zaidi ya saa 26. Nikaweka AutoHotkey, programu ya bure ya Windows inayobonyeza vitufe kwa niaba yako: inasoma mstari, inaandika jina, Tab ya kurukia kisanduku kinachofuata, kitambulisho, Tab, hivyo hivyo hadi mwisho wa fomu. Mfululizo huo wa amri ndio makro, na yangu niliianzisha kwa F8.

Wewe kwanza muulize mwenye mfumo kama unapokea faili nzima kwa mkupuo mmoja. Mimi niliambiwa haupokei. Ungepokea, nisingekuwa na la kuandika leo.

Kisha safisha shiti. Excel hula sifuri ya mbele, 07 ikabaki 7, kwa hiyo igeuze safu ya simu iwe ya maandishi kabla hujaandika nambari. Sifuri ikishaliwa hairudi yenyewe. Tarehe nazo: 3/4 kwetu ni Aprili, lakini kompyuta iliyopangwa Kimarekani husoma Machi. Wala usikimbilie +254 ukidhani umeokoka. Send, amri ya kawaida ya AutoHotkey ya kuandika, huichukua alama ya kujumlisha kuwa ni Shift, basi +254 hutoka @54 kwenye kibodi ya Kimarekani. Nilihangaika na hiyo @ karibu saa nzima nikiilaumu fomu ya watu. Dawa ni SendText, ambayo hutuma maandishi jinsi yalivyo.

Sasa Nyakach. Laptopu yangu imezeeka, na orodha ya kaunti ndogo ilikuwa inachelewa kufunguka. Nikaona nifanye busara: makro itulie sekunde moja na nusu kati ya herufi na herufi kwenye kisanduku hicho. Kumbe orodha ya namna hiyo huunganisha herufi zinazofuatana upesi tu; ukikawia, kila herufi inaanza utafutaji upya. N ikafika Nyakach, vizuri. Y na a hazikupata kitu. K ikaruka hadi Kisumu Central, na zilizobaki hazikuwa na pa kwenda. Wa Seme nao wakavutwa na m hadi Muhoroni. Wa Nyando walipona kwa bahati, maana n yao ya pili iliangukia Nyando yenyewe.

Lakini kosa kubwa si hiyo sekunde moja na nusu. Nilikuwa nimeiachia makro ibonyeze Hifadhi yenyewe na kuendelea na mstari unaofuata, mimi nikaenda kunywa chai. Makro haioni. Ukurasa ukikutoa nje katikati, itaendelea kuandika vitambulisho vya watu popote kishale kilipo.

Siku hizi F8 moja ni mkulima mmoja. Makro inajaza na kusimama. Mimi ndiye ninayetazama, kisha nabofya Hifadhi. Esc nimeipa kazi ya kuua kila kitu papo hapo. Kaunti ndogo inaandikwa kwa mkupuo, "Nyak" bila kupumua. Mtu mmoja sasa ananichukua sekunde 25 hivi, kutazama kukiwemo, na 640 wote ni kama saa nne na nusu. Nikimaliza nahesabu wanachama wa kila kaunti ndogo kwenye mfumo na kulinganisha na shiti. Ningefanya hivyo siku ile, Nyakach ingeonyesha sifuri kabla ya simu kulia.

Kuwarudisha wale 84 nilifanya kwa mkono, jioni mbili. Mama wa Sondu nilimrudisha wa kwanza.