Mlinzi wa rais na bastola yake
Je, rais akishambuliwa, mlinzi wake hufyatua bastola kwanza? Hapana, kurudisha risasi si jambo la kwanza. Walinzi wa Rais wa Marekani, Secret Service, hufundishwa kumfunika kiongozi na kumwondoa pale haraka, bastola baadaye. Angalia Rais Ronald Reagan aliposhambuliwa kwa risasi, 30 Machi 1981, nje ya hoteli ya Washington Hilton: mlinzi Jerry Parr alimsukuma ndani ya gari, mwenzake Tim McCarthy akajitanua mbele ya risasi, ikampata tumboni. Mimi na wewe tungelala chini! Ndiyo maana zoezi hurudiwa mpaka mwili uzoee. Mshambuliaji alidakwa kwa mikono, hakuna mlinzi aliyefyatua hata risasi moja. Ila kile kikosi chao chenye silaha nzito hufunzwa tofauti: hubaki kupambana wakati msafara unaondoka.